Unyayo chini ya sufuria ya pilau

Saa moja asubuhi, Mashavu Gharibu anainama nyuma ya zizi lake, anainua kidogo sufuria ya kupikia pilau ya watu mia, anachungulia, kisha anaishusha taratibu kama aliyefunika vifaranga. Pilau hakuna. Kuna tope, na kwenye tope kuna unyayo mmoja wa mbwa, wenye vidole vitatu.

"Upo," anasema. "Na hadi kesho utakuwepo, Inshallah. Nitaulalia mwenyewe ikibidi."

Mashavu, 44, mkazi wa kitongoji kimoja nje kidogo ya Utete, ni askari wa wanyamapori wa kijiji kwa mwaka wa saba. Siku ya doria hutembea kilomita kumi na nane. Buti alizopewa zilikusudiwa tembo, hivyo anavaa kandambili.

Jumanne alfajiri aliwakuta mbuzi wake sita kati ya tisa wamekufa zizini. Walikuwa wameraruliwa masikio na mapaja, lakini hakuna aliyeliwa. Kwa kuwa hawakuchinjwa, ni nyamafu; hata supu hakuipata. Aliwazika wote kwenye shimo moja.

Kabla jua halijapanda, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mshamu, alikuwa ameshakamilisha upelelezi bila kufika kwenye tukio. Alitangaza kuwa ni mbwa mwitu, na kwamba Ijumaa baada ya swala mkutano utapitisha nyama yenye sumu ipelekwe kwenye pango lao ng'ambo ya korongo. Pangoni humo mna watoto saba ambao macho ndiyo kwanza yanafunguka.

"Uongo mtupu!" Mashavu anafoka, na mbuzi watatu waliobaki wanakimbilia kona. "Mbwa mwitu akiua, anakula. Dakika ishirini tu, hukuti hata ngozi. Hawa wameua wakacheza, wakarudi kwao kula ugali!"

Anapoeleza tabia za wanyama hao hasira haipungui, inapata mifano tu. Anasema watoto hula kwanza, wakubwa wamesimama pembeni. Aliyevunjika mguu huletewa nyama matumboni mwa wenzake, wakamtapikia. Na kabla ya kwenda kuwinda hukusanyika, wakapiga chafya mmoja mmoja. Chafya zikiwa chache, safari inaahirishwa.

"Wale wanapiga kura," anasema. "Sisi huku anapiga chafya mtu mmoja, kitongoji kizima kinaondoka."

Juzi jioni kisimani, jirani yake Habiba Saidy alimtania mbele ya watu: "Shoga, wajomba zako wamekuulia mbuzi, na bado unawabandikia sufuria?"

Mashavu hakucheka. "Wajomba zangu wote kumi na mmoja nyayo zao nazijua. Vidole vinne kila mguu. Nenda kahesabu vya Kamanda."

Kamanda ndiye kiongozi wa mbwa watano wanaolinda shamba la ufuta la Mzee Mshamu dhidi ya nguruwe na nyani. Mwaka jana alinaswa na mtego, akapoteza kidole cha mguu wa mbele. Mchana hufungwa. Usiku, kwa maelezo ya mwenyekiti mwenyewe, "hujitegemea". Alipoulizwa kuhusu kidole hicho, Mzee Mshamu alisema suala hilo ni la kitaalamu.

Simu ya Mashavu ni kitochi, haipigi picha. Ndipo akakumbuka sufuria, kwa kuwa yeye ndiye mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama, vile vinavyoazimwa kwenye shughuli. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Sufuria ilihimili.

"Kesho nataka mkutano wote uhamie hapa, uone kwanza, ndipo tuongee sumu," anasema. "Mbuzi zangu hawarudi. Lakini wale watoto hawafi kwa kosa la mbwa wa mkubwa."

Kabla hajamaliza, anaingia Zamda, mke mdogo wa mwenyekiti, mtandio umefunika nusu ya uso.

"Shikamoo da Mashavu."

"Marahaba."

"Mwenyekiti anaiomba sufuria ya kikundi. Anaitaka leo hii. Kuna hitma."

"Hitma ya nani?"

Zamda anatazama kandambili zake. "Hakusema."

"Mwambie ipo, haijaenda popote. Aifuate mwenyewe kesho baada ya swala. Na Kamanda aje naye, kwa kamba."

Zamda anaondoka huku akizuia kicheko. Mashavu anakunja kanga, anaketi juu ya sufuria, na kuitazama njia inayotoka kwa mwenyekiti.