Pua ya Boksi

Wiki mbili zilizopita nilipita Beechmont, hapa Louisville, nikaona ule ukumbi tuliokuwa tukisalia kila Jumapili sasa unauza matairi. Nisikudanganye, rafiki yangu, nilifurahi. Nilisimamisha gari, nikanunua soda duka la ng'ambo ya barabara, nikainywa taratibu huku nikiwatazama vijana wakiviringisha matairi mahali ilipokuwa madhabahu. Mtu mwingine angelengwalengwa na machozi. Mimi nina kinyongo, na kinyongo changu nimekilea vizuri.

Unajua tulivyofika huku. Mama alinileta kutoka kambini Tanzania nikiwa sijaanza hata shule, baba mzazi tukiwa tumemzika kule kule. Akapata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja huko Shively, na hapo ghalani akakutana na Myahudi mmoja mpole wa Buffalo aliyekuwa akiendesha foklifti ya kuinulia mizigo. Wakaoana. Huyo ndiye ninayemwita baba. Kila Jumapili alitupeleka kanisani, halafu akabaki ndani ya gari akisikiliza redio mpaka tutoke, iwe joto iwe theluji. Warundi wenzetu walimsalimia vizuri dirishani, kisha wakaingia ndani kuomba aokoke. Watoto wao wakaanza kuniita Myahudi, mimi niliyezaliwa chini ya turubai la wakimbizi.

Pamoja na baba nilipata bibi, mama yake mzazi. Kila likizo ndefu nilipelekwa kwake Buffalo, na ukiniuliza utoto wangu unanukiaje, nitakwambia ni vitunguu vinavyokaangwa kwa mafuta ya kuku. Kazi yangu ilikuwa kufinyanga madonge ya unga wa mkate usiotiwa chachu, ya kutia kwenye supu. Yakiwa makubwa mno alinicheka, yakiwa madogo alinicheka zaidi. Ijumaa jioni aliwasha mishumaa miwili ya Sabato, akafunika macho kwa viganja, na jiko zima likatulia. Utulivu ule sijaupata tena mahali popote.

Tukishakula, ndipo vichekesho vilipoanza. Bibi alifuga vinyongo kama wengine wanavyofuga kuku. Kila aliyewahi kumdharau kwa sababu ya Uyahudi wake alikuwa na kichekesho chake: jirani aliyehama mtaa siku walipohamia wao, mwalimu mkuu aliyemkalisha nyuma ya darasa, mke wa daktari aliyeuliza kama ni kweli Wayahudi wana pembe. Alivijaribu akikoroga sufuria, akipunguza neno hapa, akiongeza jingine pale. Alinifundisha kwamba ukishalisema lile neno lenyewe la kuchekesha unanyamaza kabisa, unawaacha watu wafike wenyewe. Na alipenda kuniambia kwamba mtu akinionea nisimpigie kelele, nimfanye achekwe na watu anaowaheshimu.

Nilipokuwa na miaka kumi, mwalimu wa kwaya pale Beechmont alitunga igizo la Pasaka. Nilitaka kuwa malaika. Sauti nilikuwa nayo, na alijua. Akanipa Yuda, yule msaliti. Alisema mbele ya wenzangu kwamba sina haja ya kufundishwa, kwetu ndiko huko. Akanitengenezea pua ya boksi, ndefu, iliyopinda, kama wanavyochorwa Wayahudi na wanaowadhihaki, yenye mpira wa kuishikiza nyuma ya kichwa. Hebu fikiria: Yesu, mama yake, Petro aliyemkana bwana wake, wote waliokuwa jukwaani siku ile walikuwa wakiigiza Wayahudi, lakini pua ilikuwa moja. Watoto wadogo walikuwa wamekusanya maganda ya karanga wiki nzima ili wanirushie. Mama alikuwa zamu ghalani, baba alikuwa kwenye gari lake. Ila bibi alikuwa amekuja kututembelea, na alikataa kukaa garini. Alitaka kumwona mjukuu wake.

Hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini pua aliielewa. Maganda yakiwa bado yananimiminikia, aliinuka kwenye kiti, akapita katikati ya watu na koti lake la kijani, akapanda jukwaani, akanivua ile pua. Akaivaa yeye. Akageuka ubavu ili wote waone, kisha akamwambia mwalimu wa kwaya kwa Kiingereza, polepole, "Umekosea vipimo. Ya kwetu ni kubwa kuliko hii."

Akanyamaza. Waliojua Kiingereza wakawanong'oneza wasiokijua, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wazee wa kanisa walicheka. Mwalimu wa kwaya alinywea, akashuka pembeni ya jukwaa akijifanya anapanga vitabu vya nyimbo.

Siku ile ndiyo iliyonifanya mchekeshaji. Sasa nasimama mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, na kila mji nasimulia pua ya boksi. Mwalimu yule nimemfanya mfupi, nimempa kigugumizi, nimempa kitambi. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuwepo akisikia, na hilo lilinikera miaka yote. Nilitaka achekwe akiwa amekaa mbele yangu, wakubwa wenzake wamemzunguka.

Mwezi uliopita nikampata. Warundi wa Columbus walinialika kwenye sherehe yao, mchana, ukumbini kwao Whitehall, na katika viti vya wageni wa heshima alikuwa yeye, amezeeka, mke wake kando. Nilisimulia yote. Jina sikulitaja. Nilimtazama tu, na watu wakayafuata macho yangu. Walicheka mpaka wengine wakashika meza. Mke wake naye alicheka, halafu akatambua, akaacha. Nitakwambia ukweli, rafiki yangu, ilikuwa tamu.

Baadaye, watu wakiwa kwenye foleni ya pilau, alinifuata. Nilidhani anakuja kuomba radhi, na nilikuwa nimeshajiandaa kumnyima.

"Umesimulia vizuri, binti yangu," alisema. "Lakini mwisho umeukata. Nilikuuliza huyu mama ni nani. Ukanijibu humjui."

Nikamwambia nilikuwa mtoto.

"Ndiyo, ulikuwa mtoto. Yuda nilikupa mimi. Petro ulijichagulia mwenyewe."

Akachukua sahani yake, akarudi mezani kwa mke wake.

Ni kweli. Ukumbi ulikuwa unamcheka mwalimu, lakini mimi nilisikia wananicheka mimi, pamoja na yule mwanamke wa kizungu aliyevaa pua. Bibi alikuwa amenishika mkono. Nilisema simjui, nikauchomoa mkono wangu. Kiangazi kile alinipokea Buffalo kama kawaida, akanipa unga nifinyange, na yeye aliyemtungia kichekesho kila mtu aliyemkosea, mimi hakunitungia hata kimoja. Sikuwahi kumwomba msamaha. Sasa amefariki, nyumba imeuzwa, na wenye nyumba wapya wamelibomoa lile jiko.

Bado namsema mwalimu wa kwaya kila ninapopanda jukwaani, na mwisho ule bado naukata. Namchukia kuliko nilivyomchukia nikiwa na miaka kumi. Ni yeye tu aliyebaki anayejua nilichomfanyia bibi yangu, na ni yeye tu ninayeweza kumuuliza uso wa bibi ulikuwaje nilipouchomoa ule mkono, maana mimi sikumtazama.