Darubini Iliyodhani Inageuka

Kazini walimwita Bi Mistari, kwa sababu riziki yake ilitegemea mstari mmoja tu, ule wa chuma. Gesi inayovutwa na shimo jeusi hupata joto mpaka ikatoa eksirei, na chuma kilichomo ndani yake hutoa mwanga wa nguvu inayojulikana, unaoonekana kwenye grafu kama mstari. Shimo likizunguka kwa kasi, gesi hulisogelea zaidi kabla ya kumezwa, na huko karibu mvuto huunyonya mwanga nguvu, mstari ukavutika kama mpira wa suruali kuukuu. Bi Mistari alipima ulivyovutika, akajua kasi ya shimo. Hewa huzuia eksirei zisitufikie, kwa hiyo alitegemea darubini iliyoelea angani.

Mama mkwe wake, aliyeishi naye akimlelea mapacha wake, hakuacha kumtania. "Wenzako wanapima vitambaa, wewe unapima kizunguzungu!"

Asubuhi moja, shimo walilolingoja miaka mingi lilianza kuifyonza nyota jirani, likawaka. Darubini ikaelekezwa huko. Mstari ulipotokea, mpana na wazi, Bi Mistari alipiga makofi peke yake. Kisha akatazama picha ya nyota za kuongozea, zinazoonyesha darubini imeelekea wapi. Zilikuwa zimesogea, kidogo kama upana wa unywele.

Akamwita fundi wa mitambo, ambaye wote walimwita Kipara ingawa nywele zilimjaa kichwani.

"Hebu njoo. Hii inateleza."

Kipara akainama. "Kipima-mzunguko kinasema inageuka kushoto. Ndiyo maana inajirudisha kulia."

"Na kama haikuwa inageuka?"

Kipara akaitazama tena picha. "Basi inajizungusha yenyewe."

Wakaenda kwa mkuu wao. Aliwasikiliza akiwa amesimama. "Shimo hili linaweza kuzima wakati wowote. Tukianza ukaguzi sasa, tumelikosa. Iacheni hadi jioni."

Bi Mistari hakubisha. Naye aliutaka ule mstari. Alirudi mezani, takwimu zikaendelea kumiminika, nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Lakini kila alipozitupia jicho nyota, zilikuwa zimesogea tena. Alijihisi kama mtu aliye chumbani na mwenzake anayegeuza shingo polepole, kila asipotazamwa.

Kufikia adhuhuri nyota hazikuwa nukta tena, zilikuwa michirizi. Kipara hakungoja ruhusa, akatuma amri ya kusimamisha. Darubini ilitii, ila kwa kuamini kipimo kile kile cha uongo. Injini zake ndogo zikasukuma upande usiofaa, ikazidi kuzunguka. Paneli za sola zikalipa jua kisogo. Betri ikaanza kushuka.

Darubini ilipopita tena juu ya antena yao, sauti ya redio yake ilikuja na kukatika, ikaja na kukatika, kila mara upesi zaidi. Safari iliyofuata haikusikika kabisa.

Simu ikalia. Walikuwa watu wa rada, wanaofuatilia vyombo vya angani.

"Samahani, chombo chenu kina vipande vingapi?"

"Kimoja," mkuu akajibu.

"Sisi tunaona vingi."

Mkuu aliiweka simu mezani bila kuikata. Kipara akatoka nje. Bi Mistari alibaki kuhifadhi takwimu, akakosea neno la siri mara mbili.

Miezi ikapita akizichambua. Jibu lilikuwa la kuogofya: shimo lilizunguka karibu na ukomo wa kasi inayowezekana. Lakini darubini ilikuwa ikiteleza ilipolitazama, na wakaguzi wa makala yake wakamlazimisha aandike "huenda". Darubini nyingine kama ile ingechukua miaka kujengwa, na shimo lenyewe lilikuwa limeshazima.

"Kwa hiyo," mama mkwe akamuuliza wakikunja nguo za watoto, safari hii bila utani, "lile dude linalomeza nyota bado linazunguka huko, na hakuna anayeliangalia?"

"Hakuna, Mama."

Mama mkwe akaacha kukunja. Akainuka, akaenda kuwaita wajukuu waingie ndani, ingawa jua lilikuwa bado juu.