Paswadi ya Mama Mwenye Nyumba

Mtihani wangu wa kazi ulipangwa Ijumaa saa tano asubuhi, na saa nne na robo simu yangu ikafa. Siwezi kusema ilinishtukiza. Betri ilikuwa imevimba kwa wiki mbili, kifuniko cha nyuma hakifungi tena, nami nilikuwa nimeizungushia mpira nikijiambia kwamba mradi ifike Ijumaa. Ilifika Ijumaa. Haikufika saa tano.

Kompyuta ninayo, na ni nzima. Lakini hapa kwetu Kyebando intaneti yake yote inatoka kwenye simu: unanunua bando, unafungua hotispoti, kompyuta inaiona simu, unaandika nenosiri, basi. Simu ikifa, kompyuta inabaki sanduku la kuchapia barua. Nilibonyeza kile kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma, halafu nikakaa kitandani nikaiangalia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukalimani. Kampuni iko mbali, watu wanapiga simu wakisema Kiswahili, na wewe ukiwa nyumbani kwako unawageuzia kwa Kifaransa. Kwetu Bukavu, Kongo, nilifundisha Kiswahili miaka kumi na miwili. Tangu tuvuke mpaka, hajatokea mtu hata mmoja Kampala aliyekihitaji Kiswahili changu. Mke wangu anauza vitenge Kawempe na ndiye anayetulisha. Mimi napika maharage na kusahihisha matamshi ya majirani, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Kwa hiyo niliutaka ule mtihani kupita kiasi. Nilitaka nijue kama kitu pekee nilichovuka nacho kina kazi duniani. Na barua yao ilisema wazi: atakayechelewa zaidi ya dakika kumi asijisumbue kuomba tena.

Pale senta kuna duka la intaneti, ila mlangoni wameweka spika mbili, na masharti ya mtihani yalitaka chumba kimya na mtahiniwa awe peke yake. Nikaenda kumgongea mama mwenye nyumba.

Mama huyu ni Mganda, mjane wa askari polisi. Kiswahili alikiokota kambini alikokaa na marehemu mumewe, na ni Kiswahili chenye amri nyingi na maombi machache. Tulianza vibaya. Siku tuliyohamia aliniambia, "Muzigo yako iko tayari," nami nikaenda barabarani kutafuta mtu wa kuubeba. Nikarudi na kijana mwenye mkokoteni. Kumbe huku muzigo ni nyumba ya kupanga, vyumba viwili na mlango. Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu, na sijawahi kuwa na hakika anavyolimaanisha hilo neno. Mimi nami sikumwachia. Akisema "lafiki" namwambia "rafiki"; akisema "kerere" namwambia "kelele". Anasikiliza hadi mwisho, kisha anasema tena vilevile.

Nikamweleza shida yangu yote pale mlangoni.

"Simu yangu hapana kwenda bira mimi," akasema.

"Lakini, Mama, wanataka niwe peke yangu chumbani."

Akafikiri. Kisha akachukua kigoda, akaenda kukiweka nje chini ya dirisha langu, akaketi, akaiweka simu mapajani. "Sasa uko peke yako," akasema. Sikuona kasoro katika hoja hiyo.

Nikarudi ndani. Kompyuta ikaiona simu yake mara moja.

"Nenosiri ni lipi, Mama?"

"Nini?"

"Paswadi."

"Ah. Paswadi ni kalibusana. Unaunganisha yote."

Nikaandika *karibusana*. Kompyuta ikakataa. Nikaandika tena taratibu, kidole kimoja kimoja. Ikakataa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, na jasho lilikuwa limeanza. Nikaamua kuuliza kitaalamu, jinsi nilivyowauliza wanafunzi miaka yote ile.

"Mama, ni l ya leo, au ni r ya redio?"

"Ya ledio," akajibu bila kusita.

Nikafurahi. Basi ni r, kama nilivyojua. Nikaandika *karibusana* kwa mara ya tatu, ikakataa, na ya nne, ikakataa.

"Mama, umesema redio?"

"Ndiyo, ledio! Mimi nasema ledio, wewe naandika nini huko?"

Nikatoka nje. Akanifungulia simu yake, akanionyesha: *kalibusana*, yenye l, kama alivyotamka tangu mwanzo. Nikamuuliza redio anaiandikaje. Akaniangalia kwa huruma kidogo, akaokota kijiti, akaandika mchangani: *leediyo*. Ndivyo alivyofundishwa shuleni, na ndivyo inavyoandikwa kwa Kiganda. Nilikuwa nimemuuliza mjane wa watu swali lenye majibu mawili, na yote mawili yalikuwa l. Yeye hakukosea hata mara moja asubuhi ile.

Nikarudi ndani, nikaandika l, ikafunguka. Na mara ikakatika.

Nje nilimsikia akizungumza kwa Kiganda: mpangaji mmoja anapiga kulalamikia bomba. Nikachungulia dirishani, nikangoja amalize, nikamweleza kwamba simu yake, kwa ilivyo, haiwezi mambo mawili. Ikilia tu haina neno, lakini akipokea, huku kwangu intaneti inakufa.

"Kira simu?" akauliza.

"Kila simu, Mama. Hata ya dakika moja."

Akainamisha kichwa, akaitazama ile simu kitambo. "Sawa," akasema. "Nakata yote."

Niliingia mtihanini saa tano na dakika sita. Mtahini alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alinichezea sauti za watu waliorekodiwa: mzee anayeeleza maumivu ya mgongo, mama anayeuliza mtoto wake amepangiwa darasa gani, mwanamume anayemkasirikia karani. Sharti kuu lilikuwa moja. Mpigaji asisahihishwe. Aseme anavyosema, na wewe upeleke anachomaanisha. Mara mbili ulimi uliniwasha, nikaubana. Mara kadhaa niliisikia simu ikilia nje, kisha ikinyamaza, lakini picha ya yule mwanamke haikutetemeka hata kidogo. Kwa dakika arobaini na tano nilikuwa na intaneti ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nifike mji huu. Nilimaliza nikiwa na furaha ya kipumbavu. Niliona nimefanya vizuri, na nilikuwa nimefanya vizuri kweli.

Nikatoka kumshukuru. Jua lilikuwa limemfikia pale alipoketi, linampiga usoni, na hakuwa amesogea hata inchi, kwa kuogopa kwamba akisogea na intaneti itasogea. Simu alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Umepita?"

"Watajibu Jumatatu, Mama. Kwa barua pepe."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayotangazia kwamba maji yamekatika, "Mutoto amepiga. Mala tatu. Nirikata."

Binti yake yuko Uarabuni, anafanya kazi za ndani. Tajiri wake anamshikia simu wiki nzima, anamrudishia Ijumaa tu, wakati wenyewe wamekwenda msikitini. Nusu saa, kisha inachukuliwa. Haya siyasemi kama mtu aliyeambiwa siku hiyo. Kila mpangaji pale uani anayajua, kwa sababu kila Ijumaa mama anampigia kelele mwanawe mpaka majirani wa nyumba ya tatu wanajua ameota nini na amekula nini. Nimezisikia Ijumaa hizo kwa miaka mitatu. Aliponiuliza kama ni kila simu, alikuwa ananiuliza jambo hilo, na mimi mtaalamu wa lugha nilimjibu kuhusu mtandao.

"Mpigie sasa hivi," nikasema. "Mpigie, Mama, tafadhali."

"Saa yake imeisha. Sasa hata napiga, inasema imefungwa."

Niliona aibu. Sina neno lingine. Nilitafuta la kumwambia, na katika Kiswahili chote nilichofundisha miaka kumi na miwili nikapata "pole" tu. Akaipokea, akainua kigoda chake, akajipangusa vumbi.

"Jumatatu nafungua tena," akasema. "Washa kompyuta, tuone jibu."

Jumatatu tulikaa ndani kwangu sote wawili, simu yake mezani kando ya kompyuta, na jibu likaja. Nilikuwa nimepita. Alinipiga bega kwa nguvu za kambini, akaenda zake. Mke wangu alizisikia habari jioni, akiwa mtu wa pili kuzijua.

Kazi nilitakiwa kuianza Ijumaa iliyofuata, asubuhi. Niliwaandikia kwamba ningependa kuanza mchana. Betri mpya nilishanunua, intaneti ninayo, sikuwaeleza sababu. Saa tano nilikaa chumbani kwangu na sikugusa kitu. Saa tano na nusu, kimya. Niliwaza kwamba labda binti amekasirika, au amedhani mama yake amepatwa na jambo, au yule tajiri amebadilisha mawazo, na nikawa na hofu kuliko siku ya mtihani. Saa sita kasoro dakika ishirini simu ikalia ng'ambo ya ukuta, akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

Kiganda changu ni kidogo. Nilimsikia akieleza jambo refu kwa sauti ya juu, na ndani yake nikalitambua neno *omusomesa*, yaani mwalimu, kwanza mara moja, halafu mara kadhaa. Kisha wote wawili, yeye hapa na mwanawe kule kwenye spika ya simu, wakaanza kucheka, na waliendelea kucheka muda mrefu.