Msusi anayejifunza kulala upya

Saa tatu asubuhi, ndani ya saluni yenye viti vitatu na kioo kilichopasuka pembeni, msusi anashusha mikono ghafla katikati ya msuko. Mteja, mwanamke aliyevaa sare za kazini, anageuza shingo.

"Tayari?"

"Bado, dada. Napumzisha mikono kidogo."

"Si ulipumzika sasa hivi!"

"Na nitapumzika tena," anajibu msusi, na waliokaa kwenye benchi wanacheka.

Anasimama mlangoni, anakunja na kukunjua vidole, anakunywa maji. Kisha anarudi, anashika fungu la nywele alipoliachia na kuendelea polepole, kitana kikiwa kimebanwa midomoni.

Wateja wa zamani wanamwita Chapchap. Jina hilo alilipata enzi ambazo alikuwa akimaliza kichwa cha rasta nyembamba wakati wenzake bado wanagawa mafungu. "Siku hizi jina limebaki, chapchap yenyewe imehama," anasema. Anatabasamu kwa mdomo uliofumba. Meno mawili ya mbele hayapo.

Ana umri wa miaka thelathini na minne. Tangu mwanzoni mwa mwaka anatibiwa uraibu wa vichangamshi, yaani dawa za kulevya zinazomfanya mtu akeshe, asisikie njaa, na ajione anaweza kila kitu. Hakulazwa. Ni mgonjwa wa nje: mara tatu kwa wiki anaenda kliniki, anazungumza, anapimwa mkojo, kisha anarudi kazini na mtaani kwake, kulekule alikougulia.

Kupumzika katikati ya kazi nako ni matibabu. Mikono ikianza kwenda yenyewe, ameagizwa aishushe.

Alianza kama utani. Ilikuwa mwisho wa mwaka, miaka kadhaa iliyopita, msimu ambao harusi zimefuatana na kila mama anataka binti yake asukwe kabla shule hazijafunguliwa. Msusi mwenzake alimwona anasinzia juu ya kichwa cha mteja, akampa kidonge kimoja. "Aliniambia, shosti, meza hiki, utanishukuru. Na kweli nilimshukuru. Nilisuka hadi asubuhi, nikafagia saluni, nikafua mapazia. Nilijiuliza, kumbe watu wanapoteza muda wote huu kulala?"

Msimu uliisha, vidonge havikuisha. Baadaye vikawa havimtoshi, akahamia kwenye chenga, dawa ya punjepunje inayochomwa na kuvutwa moshi wake. Alikonda mpaka sketi zikawa zinamzunguka kiunoni. Alijikwaruza mikono akitafuta wadudu ambao hawakuwepo. Wateja walipungua mmoja mmoja, kwanza kwa visingizio, halafu bila hata salamu.

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka saba. Baba wa mtoto alifariki dunia kabla binti hajaanza kutembea, kwa hiyo walikuwa wawili tu katika chumba kimoja. Na hapo ndipo simulizi hii inapokuwa ngumu. Msusi anaomba tutoke nje, tukakae nyuma ya saluni, karibu na kamba ya taulo.

Jumapili moja asubuhi, baada ya kukesha usiku kadhaa mfululizo, alimkalisha binti yake katikati ya magoti amsuke. Alipomaliza, aliona mstari mmoja umepinda. Akafumua kichwa chote. Akasuka tena, akaona umepinda mwingine.

"Nilifumua na kusuka, nikafumua na kusuka. Sikuwa na hasira, ndugu mwandishi. Nilikuwa najiona mama mzuri, mtoto wangu atapendeza kuliko watoto wote. Alisema ana njaa, nikamwambia bado kidogo. Akasema anataka kujisaidia, nikamwambia bado kidogo. Akajikojolea palepale, mimi nasuka."

Jua lilikuwa linazama wakati jirani wa mlango wa pili alipousukuma mlango kwa bega. Alikuwa amesikia kilio kutwa nzima, anasema, lakini kilichomtisha ni kilipokoma.

"Mtoto alikuwa amekaa tu, macho makavu," anasimulia jirani huyo, muuza mkaa. "Pembeni ya paji la uso nywele zimeng'oka na ngozi, damu imeshuka mpaka shingoni. Na mama yake ananitazama anatabasamu, ananiambia, 'Karibu, jirani, namalizia.' Mimi nimezaa watano, lakini siku ile sikujua nianze kumbeba nani."

Binti alichukuliwa jioni ileile na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, na ofisa ustawi wa jamii akaagiza akae huko hadi mama atibiwe. Kesho yake shangazi alimnyoa kichwa chote ili vidonda vipate dawa.

Kliniki iko nyuma ya kituo cha afya, mlango unaofuata baada ya chumba cha chanjo, na benchi la kusubiri ni hilohilo moja. Kwa hiyo kila anapokwenda anaketi katikati ya akina mama wenye vichanga. Kuna siku mmoja alimwomba amshikie mtoto wakati anatafuta kadi. Alikataa. Alisimama, akaegemea ukuta mpaka alipoitwa.

Mnasihi wake, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, hakumficha kitu siku ya kwanza. Alimweleza kwamba kwa vichangamshi hana kidonge cha kumpa kikaondoa kiu ya kutumia. Kilichopo ni mazungumzo, peke yake na katika kikundi, kujua kinachomvuta na kujifunza kukikwepa, kula, kulala, kupimwa. Mkojo ukiwa safi, mgonjwa anapewa kipande cha sabuni.

"Nilimcheka," anasema msusi. "Nikamwambia, daktari, mimi nimepoteza mtoto, wewe unanipa sabuni? Akaniambia, chukua tu, dada, kaogee. Nikaenda nikaoga. Nililia bafuni kwa sababu sikukumbuka mara ya mwisho mtu kunipa kitu kwa jambo zuri."

Wiki za mwanzo alilala kama mfu. Kisha kikaja kipindi alichokiona kibaya kuliko kulala: chakula hakina ladha, kicheko hakina maana, anasuka kichwa kizima bila kuhisi chochote. Mnasihi alimwambia ubongo uliochapwa mijeledi muda mrefu huchukua muda kuamka. Na ilimbidi aamke mtaani. "Aliyelazwa ana ukuta na mlinzi," anasema. "Mimi ukuta wangu ni hii miguu yangu. Muuzaji anakaa kona ileile, ananijua jina, ananipungia mkono."

Siku moja miguu ilimsaliti. Ilikuwa siku ya kwanza kuruhusiwa kumwona binti yake, sebuleni kwa wifi yake. Mtoto aliingia amefunga kitambaa kichwani, fundo amelikaza chini ya kidevu. Mama alipoinua mkono amsalimie, binti alikishika kitambaa kwa mikono yote miwili na kurudi nyuma mpaka akagonga kabati.

Hakuna aliyemfukuza. Aliaga mwenyewe, akatoka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ile kona.

Siku iliyofuata alijipeleka kliniki akiwa bado na nguo za jana. "Nilijua wananifuta. Mnasihi akavuta kiti, akasema, 'Afadhali umekuja. Kaa, unieleze ilivyokuwa.' Basi."

Tangu hapo vipimo vyake vyote vimetoka safi. Mwenye saluni, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, amempa kiti kwa sharti moja: jua likizama anafunga mkoba, hata kama mteja amesukwa nusu kichwa. Kipato chake hakifiki nusu ya alichokuwa akipata zamani. Analipa pango, ananunua unga na mafuta, na kinachobaki anampelekea wifi kwa ajili ya madaftari.

Mwezi uliopita yule ofisa ustawi wa jamii alimwita na kumpa habari ambayo kila mtu alidhani anaisubiri: binti anaweza kurudi nyumbani.

Msusi aliomba asirudishwe kwanza.

"Nilikasirika," anakiri wifi yake, mwalimu wa chekechea. "Nilimwambia, wifi, unamkataa mwanao? Akaniambia, 'Wifi, mwisho wa mwaka huu hapa. Msimu uleule, wateja walewale, na yule aliyenipa kidonge bado anasuka mtaa wa pili. Niache niupite huu msimu mwenyewe. Nikianguka, nianguke peke yangu.' Nilienda jikoni nikajifanya natafuta sukari."

Sasa wanaonana kila Jumapili. Binti hakai karibu, lakini mama akiingia sebuleni hamkimbii tena. Nywele zimeota, ila pembeni pa paji pamebaki kipara kidogo king'aavu ambacho wauguzi wanasema huenda kisiote kitu. Na kila wakionana, kabla ya salamu, mtoto anamkazia macho na kumuuliza swali moja: "Mama, jana ulilala?"

"Namjibu ukweli," anasema msusi. "Nikiwa nimelala vizuri namwambia nimelala. Nikiwa sikulala namwambia sikulala, nilikuwa na mawazo, lakini sikutumia kitu. Ananitazama hivi, kama askari wa barabarani, halafu anaendelea kuchora."

Mpango wake ni kufanya kazi hadi shule zifunguliwe, akifunga mkoba jua likizama, kisha arudi kwa ofisa ustawi kuomba binti yake. Hana haja ya kumsuka. Ameshaongea na kinyozi wa jirani awe anampunguza nywele mtoto, yeye akae pembeni.

"Akitaka kukaa na kipara mpaka aolewe, sawa," anasema, akisimama kumrudia mteja. "Mimi nataka tu ifike asubuhi moja aniamkie, 'Shikamoo, mama,' halafu aende zake shule bila kuniuliza kitu."