Macho ya Manjano

Kwenye duka la dobi wateja walimwita Bi Kola, maana hakuna aliyeweza kunyoosha kola ya shati kama yeye. Alikuwa mwepesi wa kuhukumu. Ukimletea nguo yenye doa, alikwambia limetoka wapi kabla hujafungua mdomo, na kwa sababu alipatia mara nyingi, alijizoesha kuamini jicho lake.

Kwa miaka kumi alipiga pasi huku mdogo wake wa kiume akifua. Ujanani huyo ndugu alikuwa mlevi wa kupindukia, lakini aliacha, akaoa, akatulia. Halafu msimu mmoja wa baridi akapatwa na mafua makali: homa, kikohozi, siku nne kitandani. Aliporudi kazini, Bi Kola alimtazama mara moja tu. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

"Umeanza tena," akamwambia, mbele ya wateja wawili.

"Dada, sijaonja hata tone. Ni haya mafua tu."

"Mafua yanakaa puani. Tangu lini yakapanda machoni?"

Mteja mmoja akaangua kicheko. Mdogo wake akavua aproni, akaikunja taratibu, akatoka. Mwisho wa mwezi uliofuata alihamia mji mwingine na mkewe, na miaka mitatu baadaye akafariki huko kwa homa ya mapafu. Hawakuwa wamesemezana tena. Bi Kola alikwenda kuzika, akalia, akarudi kwenye pasi zake.

Tangu hapo akawa anamsikia. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, mchana kweupe, nyuma ya mashati yaliyoning'inia, mvuke ukiwa umejaa chumba. Akigeuka, hakuna mtu. Alijiambia ni mabomba.

Mwaka wa saba tangu mazishi, mafua yakamwangusha yeye. Siku ya tano, homa ikiwa imeshuka, aliona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Akakimbilia kioo. Macho yaliyomtazama kutoka mle yalikuwa ya mdogo wake. Alishika sinki kwa mikono miwili, asithubutu kugeuka nyuma.

Kwenye zahanati, daktari wa umri wa kuwa binti yake alianza na swali moja: "Mama, unatumia pombe?"

Lilimkata maini. "Sijaonja hata tone," akajibu, kisha akayatambua maneno yale: yalikuwa ya mdogo wake.

Walimtoa damu, wakamuuliza dawa zote alizomeza. Majibu yalipotoka, daktari akavuta kiti karibu.

"Ini lako limevimba. Tumetafuta magonjwa ya ini tunayoyajua, hayapo. Nadhani ni mafua yenyewe."

"Mafua yanaingia kwenye ini?"

"Mara nyingi kirusi hata hakifiki huko. Kinabaki kwenye njia ya hewa. Lakini mwili unapopigana nacho, chembe zake za ulinzi huzunguka na damu, na ini linapokea damu nyingi, kwa hiyo linaumia katika ugomvi usiolihusu. Kwa kawaida huwa kidogo, mtu hata hajui. Macho kugeuka manjano hivi ni nadra, ila mara nyingi ini linapona lenyewe."

"Na mtu aliyekunywa zamani, akaacha?"

"Hata yeye hali hii inaweza kumpata. Ni nani huyo?"

"Alikuwa mdogo wangu."

"Siwezi kusema alikuwa na nini, mama, kama hakupimwa."

Alipopata nguvu, Bi Kola alipanda basi hadi kwa wifi yake, mjane wa mdogo wake. Hakutaka hata kuketi.

"Wifi, ile wiki ya mafua. Alikunywa?"

"Miaka yote hii, unakuja kuuliza leo?" Wifi alifuta mikono kwenye kanga. "Nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko. Pombe angeitoa wapi? Na macho yalitakata baada ya wiki tatu. Alitaka uyaone. Alifika mpaka mlangoni pa duka, akakukuta unacheka na wateja. Akadhani mnamcheka yeye. Akarudi."

Bi Kola akajishusha kitini. Alikaa pale mpaka alasiri. Wifi hakumfukuza, wala hakumwambia yamekwisha.