Sauti Iliyofuata

Mama yangu sikio la kulia halisikii kabisa, na la kushoto husikia linapotaka. Kwa hiyo nyumbani kwetu Mnyambe, Newala, kila jambo husemwa mara mbili, la pili kwa kelele. Mimi ni mwalimu, asubuhi nzima nimeshapiga kelele darasani, na ikifika jioni sina hamu ya kuongea na kiumbe chochote.

Nilihamia kwake baada ya yeye kuanguka akitoka kuokota korosho, nyonga ikavunjika. Nilipoomba uhamisho kutoka Masasi niliupata haraka mno, maana hakuna mwalimu anayegombea kuja juu huku kwenye shida ya maji. Ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, na siku mama akichafua mashuka, mbili nyingine. Hayo ndiyo maisha yangu, na sikuyachagua kwa furaha kama watu wanavyodhani.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Masasi mjini, ndiye aliyeleta hoja ya kumchukua mama. Kwake kuna bomba uani, hospitali iko karibu, na mkewe anashinda nyumbani. Hoja yenyewe haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba mama hakutaka. Alisema hatoki kwenye nyumba yake wala kwenye mikorosho yake, na atakayemtoa amtoe akiwa ndani ya sanda. Akishasema hivyo hugeukia ukutani, na huwezi kumpata tena mpaka chakula kiive.

Kwetu, mtoto hamhamishi mama yake kwa akili zake mwenyewe. Mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba wetu yuko Lukuledi, miguu imekwisha nguvu, hawezi kuja Newala hata kwa kubebwa. Nilipendekeza atume ujumbe wa maandishi, mimi niusome mbele ya kikao cha ukoo. Wazee walikataa palepale.

"Maandishi anaweza kuandika yeyote, Mwalimu," mmoja wao aliniambia. "Hata wewe."

Walitaka kulisikia koo la mjomba mwenyewe. Basi mjukuu wake akamrekodi, na Ijumaa jioni ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: dakika kumi na mbili, kikohozi humohumo. Nikaonywa nisiusikilize peke yangu, kwa kuwa neno la mjomba ni la kikao. Nilisikiliza salamu tu, ili nijue kama sauti inatoka.

Ilitoka, lakini ilikuwa ya mbu. Ile programu ya kutumiana ujumbe ina tabia zake. Ukiifunika simu kidogo kwa kiganja, inadhani umeiweka sikioni, sauti inakimbilia kwenye kitundu cha juu. Ukitoka kuangalia kitu kingine, mjomba ananyamaza katikati ya neno. Mwalimu mwenzangu wa hesabu akanionyesha njia: nilifungue faili la sauti kwa programu nyingine, ile ya kuchezea muziki ninayosikilizia kwaya. Hiyo haijali. Uzime kioo, uiache simu mezani, uende shambani, yenyewe inaendelea. Nikaazima sabufa kwa jirani anayepiga muziki harusini, nikachomeka waya, nikafungulia zile salamu. Mama akaita kutoka kitandani, "Nani huyo anayekohoa?" Ilikuwa miezi sijamwona akisikia kitu bila kurudiwa, na nilifurahi sana.

Kikao kilikaa Jumapili mchana, mbele ya nyumba. Tulimtoa mama tukamkalisha kwenye mkeka, sikio lake la kushoto likielekea sabufa. Kaka alieleza habari za bomba na hospitali, akaeleza vizuri. Ilipofika zamu yangu nilisema mama abaki, nikalia. Sikuigiza. Machozi yalikuja yenyewe, na wanawake wakanipa upande wa khanga nijifute.

Kisha nikamfungulia mjomba. Sauti ikajaa uani kote, kuku wakatawanyika, mama akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu. Nilipoona mambo yanakwenda nikaiacha simu juu ya sabufa, nikaenda jikoni nyuma ya nyumba kugeuza mbaazi zisiungue. Ndiyo sababu ya kutumia programu ile, si ndiyo? Haihitaji mtu wa kuishika.

Nikiwa na mwiko mkononi nilimsikia mjomba akifika kwenye neno lenyewe. "Dada yangu asitolewe," alisema. "Abaki palepale na binti yake wa mwisho. Wengine wote nimesikia wakilalamika, huyu sijawahi kumsikia." Vigelegele vikapigwa. Nilisimama mle kwenye moshi nikajisikia kama mtu aliyevishwa nguo ya mwenzake.

Vigelegele vilipotulia nikasikia mwanamke anaongea uani. Nilidhani ni mgeni amefika. Sauti nzito, iliyochoka, yenye pua iliyoziba.

"Mwenzangu, nimechoka," alikuwa anasema. "Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Leo nimefua mashuka mara tatu, na maji yenyewe unayajua. Kuna siku namwomba Mungu amchukue tu, yeye apumzike na mimi nipumzike. Kesho wakisema wanaondoka naye nitalia mbele yao, lakini moyoni nitapiga vigelegele."

Ilikuwa sauti yangu. Niliirekodi Jumamosi jioni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamtumia rafiki yangu tuliyefundisha pamoja Masasi. Sikujua kwamba simu inaziweka sauti zote pamoja, ulizotumiwa na ulizotuma, na kwamba programu ya muziki ikimaliza moja inachukua inayofuata, kama inavyofanya na nyimbo za kwaya. Nilikimbia na mwiko mkononi. Nilipofika uani kaka alikuwa ameshauchomoa waya, lakini hakukuwa na kilichobaki kusemwa.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Walikula ugali na zile mbaazi wakiangalia sahani zao, wakaaga mmoja mmoja. Kaka alinivuta pembeni, akaongea kwa upole ulioniumiza kuliko ngumi.

"Jumamosi nitakuja na gari, dada," alisema. "Mjomba amesema kwa kuwa hajui. Mama mwenyewe sasa ameshasikia."

Kama amesikia, hakuonyesha. Nilimrudisha kitandani, nikamfunika. Jumatatu, Jumanne, Jumatano hakusema neno zaidi ya kuitikia shikamoo yangu. Na jambo jingine lilibadilika: aliacha kuniita. Usiku alikuwa akinyamaza na shuka lililolowa mpaka asubuhi, ili asiniamshe. Alhamisi nilimkuta amejiburuta hadi mlangoni, nusu ya mwili nje, anatafuta mwenyewe njia ya kwenda chooni. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi, naye alifumba macho muda wote ili asinitazame. Siku hiyo shuleni niliandika tarehe ubaoni, nikasahau nilichokuja kufundisha. Niliona aibu, na chini ya aibu, nisifiche, bado nilikuwa nimechoka vilevile. Aibu haikuniondolea hata ndoo moja.

Ijumaa asubuhi, nikiwa namvisha, akasema, "Niwekee kaka yangu tena."

Sabufa nilikuwa nimeirudisha kwa mwenyewe. Nikamfungulia kwa simu yenyewe, kwa programu ileile ya muziki, nikaibana kwenye sikio lake la kushoto. Alisikiliza dakika zote kumi na mbili. Kidole changu kilikuwa tayari pale pa kusimamisha, na mjomba alipomaliza nikakishusha. Mama akanishika mkono.

"Iache," alisema.

Ikaendelea. Nilikaa pembeni yake nikijisikiliza naomba afe, na sikuwa na pa kuangalia. Ilipokwisha nikaizima simu kabisa.

"Mara tatu siku moja?" aliuliza.

"Mara tatu, Mama."

Nikadhani atageukia ukuta wake. Kisha akasema, "Bibi yako nilimuuguza miaka minne. Hapahapa, chumba hikihiki. Unaujua ule mkorosho uliopinda, karibu na choo?"

"Naujua."

"Sikuwa na simu mimi. Nilikuwa nauambia ule."

"Ulikuwa unauambia nini, Mama?"

"Hayohayo yako." Akajiweka sawa kwenye mto. "Na mimi nililia siku ya kumzika, na kilio kilikuwa cha kweli. Ungeniuliza ningekuambia nimechoka, lakini hakuna aliyeniuliza. Na mimi wewe sikukuuliza."

Nililia kwa sauti, kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri na nilitaka asikie.

Kaka alifika Jumamosi na gari la kukodi, godoro limetandikwa nyuma. Mama alimpokea kitandani, akaitikia shikamoo yake, akamwonyesha furushi nililolifunga usiku uliotangulia kwa maagizo yake. Kaka akalinyanyua, akauliza kama nguo zote za mama zimo.

"Humo ni mashuka," mama alimwambia. "Nenda nayo kwenye bomba lako, mkafue na mkeo, uyarudishe Jumamosi ijayo uchukue mengine. Mimi siendi popote. Na leo ukae na mimi mpaka jioni, mdogo wako ana mahali pa kwenda."

Sikuwa nimemwambia kwamba nina mahali pa kwenda. Kaka alinitazama, akatazama furushi, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mama akanipungia mkono nitoke.

Nilizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye ule mkorosho uliopinda. Simu niliiacha ndani. Nikakaa chini, nikaegemea shina, nikafungua mdomo niseme, na usingizi ukanichukua kabla sijaanza.