Unywele Kwenye Lenzi

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa na hadubini moja ndogo ya watoto ya kujifunzia, iliyoachwa na familia ya mhandisi mmoja aliyekuwa akihama mgodi wa almasi wa Mwadui. Aliifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni, utadhani ndani mlikuwa na almasi.

Siku za jua kali alitusukumia kwenye stoo ya majembe, pale shuleni Shinyanga, akaziba dirisha na kuacha tundu moja tu. Mwali wa jua ulipiga kioo kidogo kilicho chini ya hadubini, ukapenya utando wa kitunguu, ukatokea kwenye lenzi ya kutazamia na kutupa picha kwenye karatasi ukutani. Kazi ya darasa ilikuwa kuifuatisha kwa penseli. Jua halisimami, kwa hiyo mtu mmoja alikaa akikigeuza kioo ili picha isitoroke. Mtu huyo nilikuwa mimi, maana Mwalimu aliamini wasichana wameumbwa kuwashikia wengine taa.

Kila picha ilikuwa na mstari mweusi uliojikunja upande mmoja. Kitunguu kilikuwa nao, pamba ilikuwa nao, hata maji ya lambo. Mwalimu aliuita "mshipa wa uhai" na wenzangu wakauchora kwa adabu zote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Darasa letu lilikuwa na unywele mmoja tu, nao ulikuwa umenata kwenye lenzi. Nilijua hivyo kwa sababu nikiizungusha lenzi, mshipa wa uhai nao ulizunguka, na kitunguu kimetulia tuli.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa apendekeze mwanafunzi mmoja akasomee kazi ya maabara. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nyumbani nilikuwa nikisubiriwa na shamba la pamba, na mchumba mwenye ng'ombe wengi na meno machache.

Ilipofika zamu yangu ya kuchora, niliichomoa lenzi nikaifuta kwa pindo la sketi. Ukaanguka unywele mfupi wa mvi, ndugu wa zile zilizochungulia masikioni mwa Mwalimu. Picha ikatoka safi.

"Umeharibu chombo cha shule!" alifoka.

"Samahani, Mwalimu. Ulikuwa unywele."

"Chora mshipa."

"Haupo, Mwalimu."

Akawageukia wenzangu. "Mnauona, hamuuoni?"

"Tunauona, Mwalimu!" wakaitikia kwa pamoja, macho kwenye karatasi isiyo na kitu. Kiranja wetu akainuka, akauchora kwa kumbukumbu, tena akauongezea mikunjo miwili ya urembo. Ndiye aliyependekezwa. Mimi nikapata jembe na mchumba.

Miaka ilipita. Mume wangu aliuza ng'ombe akafuata dhahabu, tukahamia kwenye machimbo ya Geita. Mwanangu wa kwanza akashikwa na homa siku tatu mfululizo, nikambeba hadi kwenye zahanati moja ya huko. Maabara ilikuwa chumba chenye meza na hadubini, na nyuma ya meza, ndani ya koti jeupe, alikaa kiranja. Hakunitambua. Watu wa aina yake huwa hawamtambui aliyewashikia taa.

Alimtoboa mtoto kidole, akapaka damu kwenye kipande chembamba cha kioo, akainamia hadubini na kufumba jicho moja kwa madaha.

"Wadudu wamejaa, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nilitazama chini ya hadubini. Kioo kilikuwa kimeelekea mezani. Mle ndani hamkuwa na mwanga hata chembe. Mwanangu alikuwa akitetemeka mapajani mwangu, na huyu alikuwa tayari kumwandikia dawa ya giza.

Niliogopa, na hasira ikanipanda kuliko woga. Nikanyoosha mkono, nikakigeuza kioo kuelekea dirishani mpaka jua likaingia.

"Haya, kiranja," nikamwambia. "Sasa tazama."